Chakula, bakteria rafiki na udhaifu wa uzeeni mkoani Kagera

Udhaifu wa uzeeni ni hali ya mwili wa mtu mzima kupungukiwa na akiba ya nguvu, hata jambo dogo kama homa ya siku tatu, kuanguka uani au msimu mmoja wa chakula haba linatosha kumlaza kitandani na asirudie tena hali yake ya awali. Hali hii si sawa na uzee wenyewe. Kuna wazee wa miaka 80 wanaolima, na wapo wa miaka 65 wasioweza kubeba ndoo ya maji. Tofauti hiyo hutokana na mambo mengi: magonjwa ya kudumu, kazi za maisha yote, upweke, umaskini na chakula. Tangu mwanzoni mwa karne ya 21 watafiti wameanza pia kuangalia bakteria waishio tumboni, pamoja na vyakula vilivyochachushwa vinavyobeba bakteria hai.

Makala hii inaeleza mada hiyo kwa kutazama mkoa wa Kagera, kaskazini-magharibi mwa Tanzania, hasa wilaya za Bukoba na Muleba. Katika maeneo kama Kagoma, ndizi ndicho chakula kikuu, na kinywaji cha ndizi kilichochachushwa kimekuwepo kwa vizazi vingi.

Jinsi udhaifu unavyotambuliwa

Kipimo kinachotumika sana kilitolewa mwaka 2001 na daktari Mmarekani Linda Fried na wenzake. Huangalia mambo matano: kupungua uzito bila kukusudia, uchovu wa mara kwa mara, mkono kukosa nguvu ya kushika, mwendo wa polepole, na kupungua kwa shughuli za mwili. Mwenye dalili tatu au zaidi huhesabiwa kuwa dhaifu. Mwenye moja au mbili yuko njiani kuelekea huko, na huyo ndiye anayeweza kusaidiwa kwa urahisi zaidi.

Nchini Tanzania utafiti mkubwa wa hali hii umefanyika katika wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, kwa ushirikiano wa madaktari wa Tanzania na Uingereza. Kutokana na kazi hiyo kilitengenezwa kipimo kifupi kiitwacho B-FIT, kinachoweza kutumika kijijini na mhudumu asiye daktari bingwa. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamhesabu mzee kuwa mtu wa miaka 60 na kuendelea.

Kijijini dalili hizi huonekana mapema kwa anayezitafuta. Mama aliyezoea kumenya ndizi za familia nzima anaanza kuacha kisu katikati ya kazi. Babu anaacha kwenda kwenye mkutano wa kijiji kwa sababu kilima kimekuwa kirefu. Kwa kawaida watu husema "ni uzee tu", na nafasi ya kuzuia hali isizidi hupotea hapo.

Chakula cha Kagera

Wahaya hula ndizi za kupika, ziitwazo ebitoke kwa Kihaya, pamoja na maharage. Migomba hupandwa kuzunguka nyumba katika shamba liitwalo kibanja, ikichanganywa na mibuni, maharage na mahindi kidogo. Samadi ya ng'ombe ndiyo iliyokuwa ikitunza rutuba ya kibanja. Kwa hiyo kaya iliyopoteza ng'ombe ilipoteza maziwa, na baadaye ikapoteza pia mazao mazuri ya ndizi. Katikati ya miaka ya 2000 ulikuja ugonjwa wa mnyauko wa migomba unaosababishwa na bakteria, na wakulima wengi wa Kagera walilazimika kung'oa mashina waliyorithi kwa wazazi wao.

Ziwa Viktoria hutoa dagaa, sato na sangara. Sangara wengi huenda viwandani na nchi za nje, lakini dagaa wakavu hufika mpaka vijiji vya ndani. Msimu wa senene, wadudu wanaoruka usiku nyakati za mvua, huleta kitoweo kinachopendwa kuliko nyama. Senene wakavu wana protini zaidi ya theluthi moja ya uzito wao, na mafuta mengi pia.

Ndizi ya kupika ni chakula kizuri chenye madini ya potasiamu na wanga mwingi. Sehemu ya wanga huo, hasa ndizi zikiwa mbichi au zikipoa baada ya kupikwa, haimeng'enywi katika utumbo mwembamba bali hufika utumbo mpana ikiwa chakula cha bakteria. Maharage nayo yana sukari na nyuzinyuzi za aina hiyo. Hivyo sahani ya ndizi na maharage huwalisha bakteria rafiki vizuri hata kabla ya kutaja mtindi wowote.

Upungufu wake uko kwenye protini. Gramu 100 za ndizi zilizopikwa zina takriban gramu 1 tu ya protini. Wataalamu wa lishe ya wazee barani Ulaya walipendekeza mwaka 2013 na 2014 kwamba mtu mwenye zaidi ya miaka 65 apate gramu 1 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, kiasi ambacho ni kikubwa kuliko cha kijana, kwa sababu misuli ya mzee huitikia protini kwa uvivu. Mzee wa kilo 50 anahitaji basi gramu 50 hadi 60. Akila gramu 800 za ndizi kwa siku amepata gramu 8 hivi. Bakuli la maharage yaliyoiva linaongeza kama gramu 15. Hapo hajafika hata nusu. Vikombe viwili vya mtindi vinaleta gramu 16 nyingine, na gramu 25 hadi 30 za dagaa wakavu zinakaribia gramu 15. Sasa amefika.

Hesabu hii ni ya makadirio, lakini inaonyesha kwa nini ndizi peke yake, hata zikijaza tumbo, haziwezi kulinda misuli ya mzee. Inaonyesha pia kwamba mtindi una kazi mbili, na ile ya protini ina uhakika zaidi kuliko ile ya bakteria.

Meno huongeza tatizo. Mzee asiye na meno huacha kwanza nyama, kisha maharage yenye maganda magumu, hadi anabaki na ndizi laini na chai. Maharage yaliyopondwa, dagaa waliosagwa kuwa unga na kutiwa kwenye mchuzi, na mtindi ni njia rahisi za kumrudishia alichokiacha.

Bakteria rafiki ni nini

Katika utumbo wa binadamu wanaishi bakteria wengi sana wa mamia ya aina. Wengi wao humsaidia mwenyeji wao: huvunja nyuzinyuzi, hutengeneza asidi ndogo zinazolisha kuta za utumbo, na huzuia vijidudu vya magonjwa kupata nafasi. Bakteria hai anayeliwa kwa kiasi cha kutosha na kuleta faida ya afya huitwa probiotiki. Hiyo ndiyo maana iliyokubaliwa na wataalamu wa FAO na Shirika la Afya Duniani mwaka 2001. Chakula kinachowalisha bakteria waliokwisha kuwemo tumboni, kama nyuzinyuzi za maharage au vitunguu, huitwa prebiotiki.

Wazo la kuhusisha maziwa ya mgando na maisha marefu si jipya. Élie Metchnikoff, mwanasayansi aliyezaliwa katika Dola la Urusi na kufanya kazi Paris, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1908 kwa utafiti wa kinga ya mwili, aliamini kwamba wakulima wa Bulgaria waliishi miaka mingi kwa sababu ya maziwa yao machachu. Sehemu kubwa ya hoja yake haikuthibitika, ila swali lake limebaki.

Jibu la kisasa linapitia kwenye inflamesheni, yaani kinga ya mwili kuwaka polepole bila kuwepo jeraha wala ugonjwa wa wazi. Uzeeni hali hii huongezeka na hula misuli taratibu. Utumbo unapopoteza aina nyingi za bakteria, kuta zake huweza kulegea na kupitisha mabaki ya vijidudu yanayochochea kinga. Mzee mwenye inflamesheni hupoteza pia hamu ya kula, na mzunguko unaanza upya.

Ushahidi wa utafiti

Mwaka 2012 watafiti wa Ireland walichunguza wazee 178. Waliokuwa wakiishi katika nyumba za kutunzia wazee walikuwa na aina chache zaidi za bakteria kuliko waliokuwa wakiishi makwao, na upungufu huo ulikwenda pamoja na udhaifu. Tofauti ya bakteria ilifuatana na tofauti ya chakula. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kusema nini kilitangulia, kwa kuwa mtu dhaifu hula vingine kuliko mwenye nguvu.

Majaribio yalifuata. Nchini Hispania, mwaka 2016, zilitangazwa habari za wazee 60 waliopewa unga wa prebiotiki au unga usio na kitu kwa wiki 13. Waliopata prebiotiki walipungukiwa na uchovu na kuongeza nguvu ya mkono, ingawa idadi ya waliohesabiwa kuwa dhaifu haikubadilika sana. Jaribio la NU-AGE, lililochapishwa mwaka 2020, lilihusisha watu 612 wa miaka 65 hadi 79 katika nchi tano za Ulaya. Nusu hivi walifuata kwa mwaka mmoja mlo wa mboga, matunda, kunde, samaki na mafuta ya zeituni. Kwa waliofuata mlo huo vizuri, bakteria wanaohusiana na nguvu za mwili waliongezeka na alama za inflamesheni zilipungua. Hawakupewa bakteria wa kununua, walibadilishiwa sahani tu.

Kuhusu vyakula vilivyochachushwa, jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford la mwaka 2021 lilionyesha kwamba watu wazima wenye afya waliokula kwa wingi mtindi na vyakula vya kuchachushwa kwa wiki 10 walipata aina nyingi zaidi za bakteria, na protini kadhaa za inflamesheni zilishuka. Washiriki walikuwa 36 tu.

Mbege, rubisi na swali la pombe

Jaribio lililo karibu zaidi na Kagera lilifanyika Kilimanjaro, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2025 na watafiti wa Tanzania na Uholanzi. Wanaume 77 wenye afya walihusishwa. Wa vijijini waliokuwa wakila chakula cha asili walipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu chenye vitu vilivyosindikwa, na baadhi ya wa mjini walifanya kinyume chake. Kundi lingine lilikunywa mbege, kinywaji cha ndizi kilichochachushwa, kila siku kwa wiki moja. Chakula cha kizungu kilipandisha alama za inflamesheni na kudhoofisha namna kinga inavyokabili vijidudu. Chakula cha asili na mbege vilielekea upande mwingine, na sehemu ya mabadiliko hayo bado ilionekana wiki nne baada ya jaribio.

Ndugu wa mbege huko Kagera ni rubisi, kwa Kihaya olubisi. Ndizi za pombe huivishwa kwa siku kadhaa, humenywa, kisha hukandwa kwa miguu pamoja na nyasi ndani ya chombo kirefu cha mti kama mtumbwi. Maji ya ndizi yakishachujwa hutiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, hufunikwa kwa majani ya migomba, na baada ya siku moja hivi huwa tayari. Mtama huleta hamira, na bakteria wa asidi ya laktiki hufanya kazi pamoja nayo. Zamani sehemu ya rubisi ilipelekwa kwa Omukama, na mpaka leo harusi au msiba bila kinywaji hicho huonekana umepungukiwa.

Je, rubisi ni dawa ya udhaifu? Jaribio la Kilimanjaro halikusema hivyo. Lilihusu wanaume wenye afya, lilipima kinga na si nguvu za misuli, na lilidumu wiki moja. Rubisi ni pombe. Kwa mzee inaongeza hatari ya kuanguka, hugongana na dawa za shinikizo la damu na kisukari, na mara nyingi huchukua nafasi ya mlo wa jioni. Ikishapikwa kuwa gongo haibaki na bakteria hai hata mmoja. Kinachoweza kuchukuliwa kutoka kwenye utafiti huo ni thamani ya vyakula vya asili kwa ujumla, yaani ndizi, kunde, mboga za majani, nafaka zisizokobolewa na vitu vilivyochachushwa, badala ya mkate mweupe, soda na vyakula vya kukaanga.

Togwa haina swali hilo la pombe ikinywewa mapema. Huu ni uji wa mahindi, mtama au ulezi uliotiwa kimea na kuachwa uchachuke kidogo. Kimea huulainisha uji mzito, hivyo mzee anapata nafaka nyingi zaidi katika kikombe kilekile. Katika miaka ya 1990 watafiti wa Tanzania na Sweden walionyesha kwamba watoto waliopewa uji wa namna hiyo walikuwa na vijidudu vichache vya kuharisha. Ila uji ukichemshwa tena baada ya kuchachuka bakteria hufa, ingawa asidi na ulaini wake hubaki.

Mtindi wa Mwanza

Upande wa pili wa ziwa, jijini Mwanza, kikundi cha wanawake cha Tukwamuane kilianza mwaka 2004 kutengeneza mtindi wenye bakteria aina ya Lactobacillus rhamnosus GR-1, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Western Ontario cha Kanada. Mtindi huo ulijulikana kama Fiti. Lengo la kwanza lilikuwa watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na majiko ya namna hiyo yaliongezeka.

Historia yake inafundisha jinsi ya kusoma habari za probiotiki. Utafiti wa mwaka 2010 ulilinganisha wanywaji na wasiokunywa, ukaona chembe za CD4 zikiongezeka kwa wanywaji. Mwaka uliofuata likachapishwa jaribio la wiki 25 ambapo wanawake waligawanywa kwa bahati nasibu kupata vidonge vya bakteria au vidonge vitupu, na tofauti ya CD4 haikuonekana. Pengine mtindi ulisaidia kwa protini na nishati yake, au walioumudu walikuwa na hali nafuu tangu mwanzo. Kikundi kilibaki na faida isiyo na shaka: chakula bora kwa jirani na kipato kwa wanawake.

Usalama

Mtindi wa nyumbani hufaa utengenezwe kwa maziwa yaliyochemshwa. Yakishapoa hadi kuwa vuguvugu hutiwa vijiko viwili vya mtindi mzuri wa jana, hufunikwa na kuachwa usiku mmoja. Maziwa mabichi yaliyoachwa yagande yenyewe huweza kubeba vijidudu vya brusela na kifua kikuu cha ng'ombe, na uchachu hauviui kwa uhakika. Mzee dhaifu ndiye asiyeweza kubahatisha hapo.

Wengi husema maziwa "yanawakataa", maana tumbo hujaa gesi au kuharisha. Sababu ni kwamba watu wazima wengi hawana tena kimeng'enya cha kutosha cha kuvunja sukari ya maziwa. Bakteria wa mtindi huivunja sehemu yake, kwa hiyo asiyeweza maziwa mara nyingi huweza mtindi. Vidonge vya probiotiki vinavyouzwa kwenye maduka ya dawa ni ghali na havina protini. Kwa wagonjwa mahututi au wenye kinga iliyoshuka sana vimewahi kusababisha maambukizi ya damu, ingawa ni mara chache.

Mazoezi huenda pamoja na chakula. Protini bila kazi ya misuli hujenga kidogo. Kuinuka kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu, asubuhi na jioni, hakuhitaji fedha.

Kipato na jamii

Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Katika miaka iliyofuata kizazi cha katikati kilipotea katika kaya nyingi za Bukoba na Muleba, na bibi wakabaki kulea wajukuu. Uchunguzi wa kaya za Kagera ulioanza mwaka 1991, na kuwafuatilia watu walewale hadi 2004 na 2010, ulionyesha pia kwamba waliohama mkoa waliinuka kimaisha zaidi sana kuliko waliobaki. Wazee ni miongoni mwa wanaobaki. Bibi mwenye wajukuu wanne hugawa maharage kuanzia kwa mtoto mdogo, na sahani yake huwa ya mwisho.

Shirika la Kwa Wazee lilianzishwa mwaka 2003 huko Nshamba, wilayani Muleba, likitoa pensheni ndogo ya kila mwezi kwa wazee maskini, na nyongeza kwa wanaolea wajukuu. Tathmini iliyochapishwa mwaka 2008 ilibeba jina lenye maana ya chumvi, sabuni na viatu vya shule, vitu ambavyo fedha hizo zilinunua. Kaya zilizopata pensheni zilikula vizuri zaidi. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 au zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi. Tanzania Bara haina pensheni ya namna hiyo kwa wote. Katika baadhi ya vijiji, mipango ya kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, ambapo mkopaji hulipa kwa ndama jike anayekwenda kwa jirani, imerudisha maziwa na samadi kwenye kibanja. Hata hivyo ng'ombe wa kufungwa zizini anahitaji mtu wa kumkatia majani kila siku, na kazi hiyo mzee dhaifu haiwezi bila kijana nyumbani.